Mwiba wa Gogogo

Jumanne jioni, Iringo

Halafu wanafunzi wake wakampigia makofi Madamu Neema. Mimi wanafunzi wangu hawajawahi kunipigia makofi.

Neno lenyewe la Kiingereza ni "swelling", uvimbe. Nimelifundisha siku tatu: naandika maana ubaoni, wananakili, wanakariri. Leo nawaambia watunge sentensi, wananakili maana ileile tena.

Chumba cha jirani, Madamu Neema, aliyeripoti juzi tu, akawauliza wanafunzi wake nani nyumbani kwao amewahi kuchomwa na mwiba wa samaki gogogo. Mikono yote juu. Binti wa mvuvi akasimama: "My father has a swelling on his hand." Nilikuwa dirishani kwao, najifanya natafuta chaki.

Mwalimu mkuu naye ananiambia, "Mwalimu, uwe unaingiaga kwake ujifunze." Miaka kumi na moja nafundisha.

Sina chuki naye. Labda kidogo.

Jioni nimepita sokoni nikanunua gogogo, samaki nisiyempenda hata kidogo. Muuzaji alitaka kuikata miiba, nikamwambia aiache, ya kuonyesha darasani.

Njiani samaki huyo akanichoma. Naandika kwa shida, kidole gumba kimevimba. Angalau mfano wa kesho si wa Neema.