Mama Anakwenda kwa Somo Yake

Jumatatu, 5 Mei

Karatasi za Kidato cha Pili bado arobaini. Maji ya bomba hayajatoka tangu Ijumaa. Mezani upande mmoja mitihani ya jiografia, upande mwingine kijitabu cha safari ya Ugiriki. Nilijitakia. Mama Koku, mwenyekiti wa kinamama kanisani, aliuliza nani atawaandikia wasafiri vivutio kwa Kiswahili. Mie mkono juu kabla hajamaliza swali. Kiherehere.

Wasafiri kumi na moja, Waorthodoksi wa Temeke na Kinondoni. Siku mbili Athens, kisha milimani, Zagori, kwenye vijiji vya mawe. Mmoja wao ni mama yangu. Miaka sabini na sita, goti moja bovu.

Nimeshaandika: madaraja ya mawe yenye matao, ya enzi za utawala wa Waturuki. Monasteri ukingoni mwa korongo. Njia ya ngazi inayopanda mlima (wenye magoti wasithubutu!). Shule ya zamani. Uwanja wa kijiji, mahali wazee wanapokunywa kahawa. Na kwenye kijiji watakacholala, kanisa lenye picha za watakatifu kuta zote, na pembeni yake chumba cha mifupa.

Hicho chumba kilinisumbua. Mwisho nimeandika: "Mifupa ya kale, kama ile ya Oldupai kwetu." Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Jumatano, 7 Mei

Nimemsomea Mama kijitabu. Nilipofika kwenye mifupa kacheka mpaka kakohoa. "Yaani nitoke Mbagala, safari yote hii, nikamwone Zinjanthropus wa Wazungu?"

Madaraja hayamhusu. Anakwenda kwa jambo moja. Niliandike hapa, maana likiniisha kichwani nani atalikumbuka. Mama alizaliwa kwenye shamba la mkonge, Kilosa. Baba yake manamba aliyeletwa kutoka Kasulu. Mama yake alifia uzazini. Mke wa meneja, Mgiriki, alikuwa amemzika mwanawe mchanga mwezi ule ule, pale pale shambani. Akamchukua Mama. Akampa maziwa, akampa na jina lake. Ndiyo maana Mama anaitwa Eleni, na yule Mama Eleni ni somo yake.

Mashamba yalipotaifishwa, Wagiriki wakarudi kwao. Barua zilikujaga, kisha zikakoma. Bahasha moja ndiyo ina jina la kijiji. Vasiliki, mwenyeji wa kundi letu kule, aliuliza akatujibu: Mama Eleni alifariki zamani, alizikwa pale pale kijijini. Basi Mama akawasumbua kinamama wote hadi safari ikapita Zagori.

Kila mwaka Mama huenda Kilosa kupalilia kaburi la yule mtoto. Hajaacha hata mwaka wa goti. Anachotaka ni kupiga goti kwenye kaburi la somo yake amwambie: mwanao analala pasafi. Basi. Hana kingine.

Ijumaa, 9 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nilimwandikia Vasiliki kumuuliza ile mifupa ina miaka elfu ngapi. Nilitaka tarakimu ya kuweka kijitabuni. Kajibu kwamba si ya kale. Ni ya wanakijiji wenyewe. Ni bibi yake, ni mjomba wake. Wanazika mtu, baada ya miaka mitatu au mitano wanamfukua. Wanaosha mifupa kwa divai, wanaiweka kwenye sanduku, sanduku linawekwa chumbani. Kaburi anapewa marehemu mwingine. Ndiyo desturi yao, kaeleza kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda dukani.

Nimesoma mara nne.

Kwetu kufukua maiti ni kazi ya polisi au ya wachawi.

Nikauliza, na Mama Eleni? Kasema atatazama. Kisha akaongeza, bila kuombwa, kwamba sanduku lisilo na wenyewe hatimaye humwagwa shimoni, mifupa yote pamoja. Mama Eleni hakupata mtoto mwingine. Mumewe alitangulia. Nani angekuwa mwenyewe?

Kaburi la kupigia goti halipo. Na mie ndiye pekee Mbagala nzima ninayejua.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani. Mama Koku keshachapisha vijitabu. Watu wananiita Mwalimu wa Oldupai. Natabasamu.

Mama alikwenda Keko kwa fundi kuchukua fimbo yake ya mninga. Kisha nikamkuta sebuleni, kashika kiti, anashuka polepole kwenye goti lile lile bovu. Anafanya mazoezi. Kasema jana alifika nusu, leo amegusa sakafu.

Nimeusukuma ugali pembeni. Nikasema nina gesi.

Jumatatu, 12 Mei

Vasiliki kimya.

Jumatano, 14 Mei

Kimya. Nimewafokea Kidato cha Pili bure, eti wananong'ona. Walikuwa wanaazimana rula.

Nimemwambia Mama Koku tufute chumba cha mifupa kijitabuni. Kaniuliza kulikoni. Nikasema kimefungwa, kinafanyiwa ukarabati. Uongo mkavu, tena wa mtu wa kanisa. Tumekaa na kalamu nyeusi tukifuta nakala moja moja. Mstari umekaa vibaya, unavutia macho kuliko kabla.

Alhamisi, 15 Mei

Vasiliki kajibu. Chumba kina kufuli, ufunguo anao padri, padri yuko mjini kwa matibabu. Atarudi baada ya wiki moja, au mbili. Na masanduku mengi majina yamefutika, nijiandae.

Nijiandae mie? Mie sisafiri. Anayesafiri anashona pindo la gauni chumba cha pili, anaimba.

Najiuliza nikae kimya. Afike, aone mwenyewe. Halafu nafikiria asimame uwanjani kule na fimbo yake, kati ya watu wasiojua lugha yake, aambiwe na mgeni kwamba somo yake alifukuliwa. Hapana. Lakini nikimwambia hatakwenda. Hapana na hapana.

Jumamosi, 17 Mei

Nimesema.

Alikuwa anachambua mchele. Kaniuliza bila kuinua macho mbona siku hizi namkwepa, nimemkosea nini. Yeye ananiuliza mie! Yakatoka yote, kaburi, divai, sanduku, shimo. Nililia kama mtoto aliyevunja sahani.

"Wamemfukua?" Akarudia, polepole. "Wamemfukua."

Kaweka ungo chini. Kaingia ndani. Jioni katoa nguo kwenye begi, moja moja, kazirudisha kabatini. Gauni jipya kalitundika nyuma ya mlango.

Jumapili, 18 Mei

Hakuja kanisani. Mama Koku kauliza, nikasema mafua. Uongo wa pili. Nimezoea upesi.

Kuuliza si ujinga, tunawaambiaga wanafunzi. Hatuwaambii kinachobaki baada ya kujibiwa.

Najilaumu. Hilo ndilo la leo.

Jumatatu, 19 Mei

Asubuhi nilimpa shikamoo, kaichelewesha marahaba hadi nikafika mlangoni. Kisha kaniita nirudi.

Kauliza, hiyo mifupa nani anaiosha. Nikasema nilivyoelezwa: wanawake wa nyumbani. Binti, wakwe, wajukuu wa kike. Kauliza, kwa mikono? Nikasema kwa mikono.

Halafu kasema, kwa sauti ya kuongea na ukuta, "Na binti yake nilikuwa huku."

Nimekwenda shule nikafundisha mito, Rufiji nimeitaja mara mbili na Ruvuma nimeisahau kabisa. Kurudi, nguo ziko kwenye begi. Gauni limekunjwa juu. Hakusema kitu, na mie nikajifanya sijaona.

Alhamisi, 22 Mei

Uwanja wa ndege. Kinamama kumi na moja wenye vitenge sare, askari wa ukaguzi wakawaamkia wote kwa mpigo. Mama kashika fimbo kama mjumbe wa nyumba kumi.

Padri bado hajarudi kijijini. Hatujui kama sanduku lipo. Nimemwambia Mama hivyo, sikutaka kumdanganya tena. Kanikata kauli: iwe sanduku, iwe shimo, mie nitasema nilichokwenda kusema. Kisha kaniuliza kama nimezima jiko.

Nyumba ina ukimya nisioupenda.

Jumapili, 25 Mei

Picha zimeingia kwenye kundi la simu. Mama Koku juu ya daraja la mawe. Mama Koku chini ya daraja la mawe. Monasteri, korongo refu la kutisha, Mama Koku. Mama hayupo hata picha moja. Nimezikuza zote. Kwenye mojawapo kuna ncha ya fimbo, nadhani.

Naogopa. Nikiosha vyombo naogopa, nikisahihisha naogopa.

Jumanne, 27 Mei

Leo ndiyo wanafika kijijini. Vasiliki ameandika neno moja tu asubuhi: karudi. Padri, nadhani. Tangu hapo simu zao zote hazipatikani. Milima.

Nimekwenda kwa jirani kukopa chumvi wakati chumvi ninayo.

Jumatano, 28 Mei

Mama kapiga wakati wa mapumziko ya chai. Nimetoka ofisini, nimesimama nyuma ya maktaba.

Sanduku lipo. La bati, dogo, jina limeandikwa kwa rangi ya bluu. Jirani wa Mama Eleni, ambaye ni mama yake Vasiliki, ndiye aliyemwosha, akamweka pamoja na watu wake mwenyewe ili asimwagwe, wala hakumwambia bintiye. Amezeeka, haoni vizuri. Mama kamwamkia shikamoo kwa Kiswahili, kikongwe kampapasa uso mzima.

Padri alitaka kuliweka sanduku mezani, kinamama wasali kwa foleni. Mama kakataa. Kaomba kiti.

Nikamuuliza ulimwambia? Kasema nimemwambia.

Nikamuuliza tena, kwa kuogopa, kama hakuumia kukosa kaburi.

"Kaburi ningelipigia goti tu," kasema. "Huyu nimempakata."

Kasema ni mwepesi, kama mtoto wa miezi mitatu. Kisha kasema Mama Koku anamwita, kuna supu.

Kengele imelia. Nilikuwa na kipindi na Kidato cha Pili.