Kitufe cha Obeid

Shemeji Tumpe,

Kwa heshima zote natangaza kwamba jogoo wangu amehamia kwa jirani. Huko Mafinga mpokee taarifa hii kwa utulivu.

Ile chipu ya kumbukumbu uliyonitumia, ya mashine ya msumeno iliyomuua mdogo wangu Obeid, nimeiandikia programu ya kuisoma. Mwanzoni ilinyamaza. Fundi mzima wa Mwanjelwa nilikuwa naingia bila hodi, sijaita kwanza anwani yake, ile namba ambayo chipu huitikia. Cheka tu, nimezoea.

Nilipoiita, ikaitika, ikanionyesha kila kilichobonyezwa siku aliyokufa. Bosi wa Obeid alikwambia mumeo alikuwa amelewa, hakubonyeza kitufe cha kusimamisha. Alibonyeza, shemeji. Alibonyeza tena na tena. Kitufe kilikuwa kimezimwa asubuhi ile kwa namba ya siri ya bosi, ili kazi isikatike.

Shemejio,
Anania