Baba, Juu Ni Wapi?

Kwako baba, popote njia ilipokufikisha,

Leo ni Jumapili mchana. Tumetoka kanisani, mama amejilaza kidogo, na Njeri wangu anacheza na maji ya beseni hapa mlangoni. Nimeona nikuandikie sasa, kabla ya kuanza kufikiria kesho. Na nikimaliza nitawapa na wengine wasome, kwa sababu wako wengi hapa kando ya barabara waliofungiwa upande mmoja kama mimi, ni vile tu hawasemi.

Kwanza habari njema. Nimepata kazi Thika, kule viwandani. Nashona kola za mashati. Wewe uliniacha nikiuza ndizi hapa stegi ya matatu, kwa hivyo najua ungefurahi, ungezunguka ukiwaambia watu wote hata wale hawajakuuliza. Nina mashini yangu mwenyewe, naijua mpaka sauti yake. Lakini karibu ninyang'anywe hiyo mashini, na shida yenyewe ni barabara. Ile barabara yako.

Naiita yako kwa sababu ndivyo ulivyoiongelea siku zote, kama shamba ulilorithi. Nakumbuka ukirudi safari za rori, umeoga vumbi likatoka, mama anakupakulia chakula, na wewe unaanza kupanga vitu mezani. Kikombe chako kilikuwa Nairobi. Punje tatu za maharagwe zilikuwa Ruiru, Juja na Thika. Chumvi ilikuwa Isiolo, kijiko Marsabit, na ukingo wa meza ndio Moyale. Nikikuuliza Cape iko wapi, ulinionyesha viatu huko mlangoni.

"Na Cairo?"

"Cairo iko kwa meza ya jirani. Kula."

Ulituambia Waingereza walitaka njia moja itoke Cape kule chini kabisa mpaka Cairo, wapite katikati ya Afrika yote kama mtu anapita kwa boma lake. Hawakuimaliza. Ulisema walichora wakiwa kwao wakasahau kuna jangwa la Turbi. Lakini vipande vyake vilibaki, na hiki kinachopita mbele ya nyumba yetu ni kimoja, na hicho ndicho kilitulisha.

Unakumbuka ile aibu ya darasa la nne? Mwalimu aliuliza nani anajua Cairo ni wapi, nikasimama haraka nikasema mimi nimefika, tata yangu, dada ya mama, anakaa huko, analima ndizi na ana ng'ombe wawili. Nilikuwa nasema Kairo ya Murang'a. Kwani nilijua kuna nyingine? Njia ilikuwa inaenda Cairo, na sisi tukienda kwa tata tulipitia njia hiyo hiyo. Walinicheka mpaka nikarudi nyumbani nimevimba macho, wakaanza kuniita Misri. Wewe hukucheka mbele yangu. Ulifikiria kidogo ukasema, "Sasa wamekucheka nini? Ukitoka hapa upitie Thika, unafika Kairo zote mbili. Moja tu ndiyo mbali." Halafu ukatoka nje, na nikakusikia ukicheka na mama huko jikoni kama watu wamepaliwa.

Siku hizo ukipita Isiolo lami ilikuwa inaisha. Marori mlikuwa mnangojana hapo mpaka muwe wengi, askari mbele na nyuma, ndiyo mnaondoka pamoja kwa sababu ya majambazi. Ulisema mawe ya Merille yanakula magurudumu kama mahindi ya kuchoma. Mvua ikinyesha mnakwama wiki nzima, mnapika kabeji za wenyewe, na mwenye kabeji amekaa hapo hapo mnakula naye. Mama akiulizwa uko wapi, jibu lake lilikuwa moja: "Ameenda juu." Ndivyo madereva wa hiyo njia mnavyosema, Nairobi ni chini, Moyale ni juu. Hata wewe ukipiga simu ulisema, "Niko juu, huku Laisamis," na mimi nilikuwa nakuona umekaa mahali kama paa la nyumba, unatuangalia.

Na ukienda juu, ulirudi. Kila mara.

Barabara ya hapa kwetu nayo ilikuwa ndogo. Ng'ambo kulikuwa na kahawa, na Mama Wambui tuliyekuwa tunamwomba chumvi na moto. Mtu alivuka akiangalia huku na huku. Wewe ulikuwa unainua mkono tu, gari zinapunguza mwendo, unapita ukiwaambia asante kama mkubwa fulani. Halafu wakaja na zile mashini za manjano, wakachimba, kahawa ikaisha, leni zikawa nyingi mpaka hatuwezi tena kukimbia kuomba chumvi upande ule mwingine. Wakatujengea daraja la kupitia juu kwa miguu. Wewe ulifurahi kuliko watu wote. Ulisema sasa kutoka Nairobi ni kufumba na kufumbua. Mama Wambui ndiye alisema, "Mmepata barabara, mmepoteza jirani." Ulimwambia aache wivu, barabara imegusa na kwake.

Baba, hii sehemu inanishinda kuandika lakini lazima niipitie.

Ulivuka Marsabit wakati wa majambazi. Ulilala kwa matope. Lami ikafika mpaka Moyale, hofu ikaisha, tukaanza kusema sasa mzee amestarehe. Halafu mchana mmoja uliacha rori Nairobi kama kawaida, ukapanda gari ya kurudi, ukashukia stegi ya ng'ambo. Daraja lilikuwa hapo karibu. Hukupanda. Ulianza kuvuka chini.

Watu walipokuja kutupa pole, kila mmoja alikunywa chai, halafu akauliza, "Na si daraja liko hapo?" Walimuuliza mama, wakaniuliza mimi. Nilikukasirikia, baba, na kumkasirikia mtu ambaye umemlilia ni kazi ngumu sana.

Tangu hiyo siku sijapanda hilo daraja. Ukifika katikati unaona pale ulipogongwa. Nilijaribu mara moja, nikashuka na makalio kama mtoto. Kwa hivyo nilianza kuishi upande mmoja. Kanisa liko upande huu, sawa. Vya sokoni nilipata wa kuniuzia upande huu. Mama Wambui alipougua, nilimtumia uji kwa watoto wa shule. Niliona naweza.

Kisha nikapata kazi. Na gari za Thika zinasimama upande ule.

Sasa sikia nilichofanya. Kila asubuhi nimekuwa nikipanda gari ya upande wetu, inayoenda chini, mpaka Ruiru, kwa sababu pale mtu anaweza kupita chini ya barabara. Napita na miguu, natokea ng'ambo, napanda nyingine, narudi juu, napita tena hapa mbele ya nyumba yetu nikiwa dirishani, ndiyo naenda Thika. Naenda nyuma ndiyo niende mbele. Jioni hakuna shida, kwa sababu kutoka Thika nashukia upande wetu. Kurudi ni rahisi, kwenda ndiyo kifungo. Na kukiwa na msongamano Ruiru, basi nimechelewa.

Supavaiza wetu ni mama mmoja hapigi kelele, anaongea polepole, na hiyo ndiyo mbaya. Ijumaa aliniangalia nikiingia akasema, "Dada, wewe unakaa Juja ama Mombasa?"

"Juja, madam."

"Hawa wa Kiandutu hapa karibu wanakuja na miguu, saa hii wako kola ya kumi. Wewe unakuja na gari."

Wasichana wakacheka ndani ya mashati.

"Jumatatu ukichelewa usipite geti. Hiyo mashini ina mtu anaingojea, na huyo mtu pia ako na mtoto."

Nilirudi nikamwambia mama. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Na utazunguka Ruiru mpaka lini?"

"Mpaka nizoee."

"Kuzoea nini? Kuzunguka umeshazoea." Akaendelea na mboga. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Mimi nilipoteza bwana kwa hiyo barabara. Sitaki ipewe msichana wangu pia, hata kama ni kwa kumkalisha nyumbani tu."

Sasa nikwambie ya leo, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Njeri amekua, baba. Huyo bibi yako, maanake hukuwahi kumwita jina, ulimwita "bibi yangu" kwa sababu ana jina la mama, cucu yake, na mama alikuwa anajifanya amekasirika; yeye alikuita guka. Tukitoka kanisani mama alitangulia kwenda kuwasha jiko. Mimi nikasimama kusalimia watu hapo stegi. Nilipogeuka, mkono wake haukuwa kwa mkono wangu. Alikuwa kwa ngazi za daraja, amevaa ile nguo yake ya Jumapili, anapanda, miguu yote miwili kwa kila ngazi.

"Njeri, rudi hapa."

"Naenda kuona guka."

"Guka hayuko huko."

"Cucu alisema ameenda juu."

Mama alimwambia hivyo siku zile za mazishi, na kila mtu mzima aliyekuwa hapo alielewa juu ni mbinguni. Lakini mtoto alikuwa amezoea guka wa kwenda juu na kurudi na ndizi za Meru. Na sasa alikuwa amepata juu yake mwenyewe, ina ngazi, iko karibu na nyumbani. Atamtafuta wapi kwingine?

Aliendelea kupanda. Ningemwacha aende peke yake? Nikapanda. Nilikuwa naangalia soksi zake tu.

Tulipofika pale katikati nilishika chuma nikafunga macho. Kuna mama mmoja huuza soksi hapo juu, amezitandaza kwa gunia. Akaniambia, "Mama, ukifunga macho utanikanyagia biashara."

"Pole."

"Pole utasema ukinunua. Mtoto wako huyo anakutoroka."

Njeri alikuwa amesimama mbele yake. "Umeona guka yangu?"

"Anafanana aje?"

"Ako na kofia na rori."

"Marori ni hayo hapo chini. Chagua."

Akaweka uso wake kwenye wavu akaanza kuchagua. "Ile inaenda wapi?" Nikafungua macho ndiyo nimjibu. Nikasema hiyo inaenda Thika. Na ikitoka Thika? Sagana. Na ikitoka hapo? Karatina, Nanyuki, Isiolo. Nilizitaja zote, baba, sikuruka hata Laisamis, na wakati nataja nilikuwa naangalia chini, pale pale, na pale palikuwa lami tu na gari zinapita.

"Guka ako Moyale?"

Nikachuchumaa. Nikamwambia ukweli, kwamba guka alikufa, kwamba hatarudi na rori, kwamba alikuwa anavuka hapo chini gari ikamgonga. Mwenye soksi aliacha kuita wateja. Njeri akageuka akaangalia ngazi.

"Hakupanda ngazi?"

"Hakupanda."

"Kwa nini?"

Swali ni lile lile la watu wa chai, lakini yeye aliliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikamwambia sijui. Nikamshika mkono, na kwa sababu sikutaka kupita tena kwa yule mama na macho yangu vile yalikuwa, tukashukia upande wa pili.

Nilikuwa sijasimama hapo stegi ya ng'ambo tangu wewe ufe, na kabla ya hapo sikuwa nimewahi kusimama nikaangalia. Baba, nyumba yetu inaonekana. Unaposhuka gari na kuinua macho, geti letu liko mbele yako, wazi, kama limewekwa hapo makusudi. Niliona kamba ya nguo, na gauni langu la kazi likipepea. Niliona moshi wa jiko. Mama akatoka, akasimama getini na mwiko mkononi, anaangalia kama tunakuja. Ningemwita kwa sauti kidogo tu angenisikia, ndivyo ilivyoonekana.

Na daraja, ukiwa hapo, liko kando. Ukilifuata unaanza kwa kuwapa mgongo watu wako.

Ulikuwa umetoka juu. Umekaa siku nyingi na mawe na upepo, na sisi tuko hapo mbele yako, chakula kiko motoni. Sasa najua haukuwa ujinga, na hukuidharau roho yako. Uliona nyumbani ukaanza kutembea. Bado nasema ungepanda. Nitasema hivyo mpaka nizeeke. Lakini nimeacha kukuuliza kama mtu anayegombana.

Tulirudi na daraja, mimi na bibi yako. Mama alituona tukiwa katikati. Alishika kichwa na mwiko ukiwa bado mkononi, akajipaka mboga kwa nywele, kisha akatupungia, na Njeri akampungia, na mwenye soksi pia akapunga, sijui yeye alikuwa anampungia nani.

Kesho alfajiri Njeri atakuwa amelala na mimi nitapanda peke yangu. Sikudanganyi, naogopa. Nimemwomba mama asimame getini mpaka anione nimeshuka upande wa pili. Ameniambia atatoa jiko achemshie chai hapo nje, kwa sababu hawezi kusimama bure.

Naiachia hapa, baba, nguo zimekauka na gauni la kazi linataka pasi. Pumzika. Safari za hii nyumba sasa nitazifanya mimi.

Ni mimi msichana wako,
Mama Njeri