Daku Yangu Imegeuka Hotuba ya Kampeni

Anti Lea, shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa kwetu kila ninayeweza kumweleza ni mpiga kura.

Mimi ni Mwislamu wa Kolo, mume wangu Gerson ni Mkristo, tulifunga ndoa bomani ndugu wa pande zote wakiwa wamenuna, tukakubaliana kila mtu abaki na dini yake, na kweli tuliishi vizuri, maana Ramadhani Gerson ndiye aliyekuwa anaamka kunipashia uji wa daku, yeye hafungi lakini anakaa nami jikoni anasinzia mpaka nimalize, na hata baadaye nikiwa nalipa zile siku zangu nilizokosa kufunga, mtaa mzima haujui kama nimefunga, bado alikuwa anaamka, na hakuwahi kumwambia mtu, ilikuwa yetu wawili.

Mwaka huu anagombea udiwani. Kata yetu Waislamu na Wakristo tunakaribia kulingana, kwa hiyo Ijumaa anavaa kofia anasalimia watu nje ya msikiti, Jumapili anapiga magoti kanisani aombewe, na mimi huku nifunge ushungi, kule nivae kitenge cha akina mama wa kanisa, nikavumilia, nikasema siasa ndivyo zilivyo, lakini juzi nikamsikia kwenye kipaza sauti, "Ndugu zangu, mimi udini siujui, mke wangu akifunga mimi ndiye ninayempashia uji wa daku!" Watu wakapiga vigelegele, na siku hiyo nilikuwa nalipa funga, Anti, na uji nilijipashia mwenyewe, yeye kalala, sauti imemkauka kwa kuhutubia. Tangu kampeni zianze hajaamka hata mara moja.

Sasa anataka nipande jukwaani siku ya kufunga kampeni nithibitishe maneno yake. Nikikataa nitamharibia, nikikubali nitakuwa nimesema uongo juu ya saumu yangu. Nampenda, na namkumbuka mno wakati tunalala kitanda kimoja. Nimeanza kuomba dua ashindwe ili anirudie. Nifanyeje?

Mke wa Mgombea, Kondoa

Marahaba, mke wa mgombea.

Pole sana. Nimekuonea wivu kidogo, maana wengi wanaoniandikia hawajawahi kupashiwa hata maji ya kuoga. Ulikuwa na kitu kizuri, una haki ya kukililia.

Lakini ngoja nikugombeze. Ulikubali ushungi huku na kitenge kule, ukanyamaza, leo unashangaa amefika mpaka jikoni? Na Gerson hajui kama umeumia. Umenieleza mimi niliye Dodoma mjini, yeye aliye ubavuni mwako unamnunia tu.

Jukwaani usipande. Nenda mkutanoni, kaa kwenye kiti chako, salimia watu kwa heshima, basi. Ila hilo asilijue siku hiyo mbele za watu. Mwambie leo, nyumbani, simu zake zikiwa zimezimwa: "Ulichowaambia watu kilikuwa chetu, na siku hizi hakipo." Usiingize msikiti wala kanisa, na usimtishie kurudi kwenu. Akikasirika mwache, hiyo ni aibu inamtoka. Akisema kesho ataamka, mwambie asubiri kampeni ziishe, maana kwa sasa hata wewe hutajua anaamka kwa ajili ya nani.

Na hiyo dua iache leo hii. Mumeo anamtumia Mungu kutafuta kura, wewe unamtumia Mungu kuzipunguza, mna tofauti gani? Kura waachie wapiga kura. Wewe omba urudishiwe mume, awe diwani au asiwe.