Waliojitoa Kwenye Orodha ya Maombi

Halvard, Minnesota
Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu mpendwa Orrin,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na hilo goti lako linaionaje baridi ya Duluth? Natumaini unakula chakula cha kupika, si cha makopo kila siku. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua tangu nilipoondoa theluji mlangoni peke yangu. Paka wako amenenepa na bado ananitazama kama mwizi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na hilo nalo tutalifikia huko chini, usiruke kurasa.

Habari kubwa ya hapa ni kwamba watu wananikimbia. Unaijua kazi yangu pale kanisani: mtu akiugua au akifiwa, mimi karani nabonyeza mara moja, na watu mia na arobaini wanapata mwito wa kumwombea, kwa ujumbe, kwa barua pepe na kwa simu yenye sauti yangu. Asiyetaka hujibu neno moja tu, ACHA, na mashine inamfuta. Kwa miaka sita walijitoa wawili, na hao walitolewa na watoto wao baada ya mazishi. Tangu Novemba wamejitoa hamsini na nane! Mashine hainipi majina, inanipa namba za simu tu, kila Jumatatu asubuhi, na mimi nakaa nazo nikinywa kahawa na kujiuliza ni nani huyu na nimemkosea nini.

Kwanza nilimshuku mchungaji wetu mpya, yule anayehubiri na raba miguuni. Krismasi ilipokaribia aliniuliza, kwa upole wa kunitia wasiwasi, kama orodha bado inawafaa watu. Nikasema moyoni, huyu ana orodha yake pembeni. Nikaanza kumwangalia kila alipotoa simu mfukoni.

Halafu akafa bibi Hegstad. Nilituma tangazo la kuomba vyakula vya mazishi, wakanijibu watu kumi na mmoja. Lakini siku yenyewe meza tatu zilijaa, Orrin. Niliyahesabu mabakuli ya tambi na jodari, yalikuwa ishirini na saba. Nani aliwaambia hao wengine? Nilipoingia jikoni mazungumzo yalikatika, na Bev, mmoja wa wapishi, akageukia sinki kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. LaVonne Skaar, ambaye jiko la kanisa ni ufalme wake, alinipa kisu na kuniambia nikate keki. Hapo nikajua mwizi wangu ni yeye. Wiki hiyo hiyo nilimbana mumewe, Duane, dukani kwenye mboga, nikamuuliza kama bado anapata miito yangu. Alikuwa mwekundu kama nyanya, akasema ana haraka, kisha akasimama dakika tano nzima akichagua kabichi.

Basi Alhamisi mchana nilikwenda kwa LaVonne bila kualikwa, na mkate wa ndizi mkononi kama kisingizio. Kabla hata kahawa haijamiminwa nilimwambia wazi kwamba ananiibia watu. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, Ardis mwenzangu, watu wako nikawaweke wapi, kabatini? Tunapigiana simu mmoja mmoja kama zamani, basi. Wewe maombi umeyageuza gazeti, watu wanaogopa. Mtu akikohoa tu anajiuliza kama kesho atatangazwa yeye.

Nilimjibu kwamba mimi sitangazi mtu, nasoma tu karatasi zinazotumbukizwa kwenye kisanduku cha mlangoni, na karatasi hazina jina la aliyeandika. Akaweka kikombe chini. Akasema, hebu niondolee kisanduku chako hapa. Tangu lini kisanduku kikaona gari la Orrin nje ya baa ya Rudy?

Kisha akanisimulia jambo ambalo wewe hukuwahi kuniambia. Kwamba siku ile Duane alikuwa humo ndani. Kwamba ulikuwa umelala chali chini ya sinki la Rudy ukitengeneza bomba lililopasuka, na kikombe cha kahawa kando yako. Simu yako ikalia, na ya Duane ikalia, na ya Rudy ikalia, zote pamoja. Ukajivuta ukatoka, ukasoma: Tumwombee Orrin Tollefson, amerudia chupa.  Ulibonyeza kitu kwenye simu, ukairudisha mfukoni, ukaingia tena chini ya sinki ukamaliza kazi.

Nilirudi ofisini na mkate wangu. Nikachapa orodha yote ya waliojitoa, nikachukua namba ya kwanza kabisa, ya tarehe sita Novemba, saa nane na dakika kumi mchana, nikaipiga kwa simu ya kanisa. Ikaitika sauti yako ya kurekodiwa: huyu ni Orrin, sema shida yako. Nilikaa na simu sikioni mpaka ukalia ule mlio wa kungoja maneno, nikaikata.

Sasa sikiliza. Kisanduku kilikuwa kitupu siku ile. Niliyeandika ni mimi. Niliona gari lako, sikusimama, sikuingia, sikukuuliza. Miezi kumi na mmoja hukugusa pombe, na mimi dada yako kila siku nilikuwa nangoja uanguke, na nilipodhani umeanguka, aibu yangu ni hii, nilijisikia kama mtu aliyeshinda ubishi. Shule ilipokunyima kazi ya kuendesha basi, ukaja jikoni kwangu ukaniuliza nani kakuandika vile, nikasema sijui. Nikaongeza kwamba LaVonne ana mdomo mrefu. Ukahama mji bila kumuaga. LaVonne alijua muda wote kwamba ni mimi, na alinyamaza.

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, nilisimama kanisani nikayasema haya yote, kwa jina langu. Gordy wa mabasi ya shule alikuwepo. Aliniambia mlangoni kwamba mwezi wa nne atatafuta dereva, na kwamba neno hilo akuambie yeye, si mimi.

Kuna jambo sikulijua kwa miaka yote sita. Nilijaribu kukurudisha kwenye orodha, mashine ikakataa. Aliyejitoa, karani hana uwezo wa kumrudisha, mpaka mwenyewe atake. Orodha nimemwachia mchungaji na raba zake. Ninachokuomba ni kidogo: Jumapili ijayo, saa tisa alasiri, nitakupigia mara moja tu.

LaVonne anakusalimu, na safari hii salamu ni zake kweli, sikuzitunga mimi. Duane naye anakusalimu. Paka hasalimii mtu. Vaa soksi mbili.

Usipopokea, Orrin, sitamwambia mtu.

Dada yako,
Ardis