Jumamosi Sebuleni kwa Baba

Jumanne, 5 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mazoezi hayajakukausha sauti. Sisi hatujambo, Baba goti linamsumbua, ila hakubali kulitaja.

Nimelipata ombi lako. Unataka Jumamosi Baba akuone ukiimba kwenye tamasha la nyimbo za michezo ya jukwaani, lile la kuchangia ukumbi wenu ulioungua, litakalorushwa mtandaoni moja kwa moja. Dada, unajua unaniomba nini? Tangu uiache kwaya anayoifundisha ukaenda jukwaani, hajatamka jina lako. Wageni wakimuuliza ana watoto wangapi, anasema anaye mmoja, karani wa masjala, yaani mimi. Mimi huwa naangalia sakafu.

Naogopa. Lakini nitaiunganisha simu yangu na televisheni ya sebuleni, na ruhusa sitaomba.

Mdogo wako

Alhamisi, 7 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na pole kwa mwenye goti, hata kama hataipokea.

Wewe unayebisha hodi hata kwenye kabati la mafaili, leo ndiye wa kutoomba ruhusa? Nimecheka, kisha nikalia kidogo. Usigombane naye. Akisema zima, zima. Wewe ndiye unayelala nyumba hiyo. Mimi nitaimba tu, baada ya mpiga tarumbeta.

Dada

Jumapili, 10 Mei

Dada,

Shikamoo. Tumeamka salama wote wawili, na hilo si jambo dogo.

Jana Baba alikuwa kitini pake ulipotokea kwenye televisheni. Akasema, "Zima."

"Sizimi, Baba," nikajibu.

"Umesemaje?"

"Anaimba dada yangu. Ukitaka, zima mwenyewe."

Akachukua rimoti. Unajua hajawahi kuishika. Rimoti yake ni mimi. Angeweza kuniuliza kitufe, lakini baada ya maneno yale angeniulizaje? Akabonyeza alichokiona kikubwa. Sauti ikapanda. Akabonyeza tena kwa hasira, ikapanda zaidi, mpaka vioo vya kabati vikalia na wewe ukawa unauimbia mtaa mzima.

Jirani yetu mshonaji akaja mbio, utepe wa kupimia ungali shingoni. "Mwalimu, kwema humu?" Kisha akaiona televisheni. "He, huyu si binti yako?"

Nikaangalia sakafu, mazoea yana taabu. Halafu nikainua uso nikamtazama Baba. Safari hii sikutaka kumsaidia.

Wewe ukaendelea kuimba.

"Ni wangu," akasema. "Jirani, kaa, unanizibia."

Akakaa. Tukatazama watatu, kwa kelele ileile, maana hakuna aliyethubutu kuigusa rimoti. Ulipomaliza jirani akapiga makofi hadi akachoka. Baba hakupiga. Jirani alipoondoka ndipo akaniambia, "Mwandikie kwamba ubeti wa pili ameuwahi, kaingia kabla ya wakati."

Nikamwambia hayo ni yake, aandike mwenyewe. Nilidhani nimekwisha, Dada. Kisha akauliza kalamu iko wapi.

Geuza karatasi.

Mdogo wako

Mwanangu,

Ubeti wa pili uliuwahi. Njoo tuurudie.

Baba