Madumu ya Nyuma ya Choo

Jumapili, 3 Machi
Mwanangu leo kanikalisha kitako kunieleza mpango wake. Kiwandani kwao beseni likipasuka litarudi, lisagwe, liyeyushwe – litoke beseni jipya! Likipasuka tena, linarudi tena. Hakuna cha jalalani. Wazo ni lake, kitindamimba wangu! Bosi alikuwa anabeza, sasa kamruhusu ajaribu na mtaa wetu kwanza. Kasisitiza: mabeseni na ndoo tu. Dumu lililowekwa mafuta ya taa, hapana, plastiki hunywa harufu. Nikamwambia hunifundishi kuosha vyombo, nimekuogesha mimi.

Jumatano, 6 Machi
Nimezunguka mtaa kama mpiga debe. Kila mlango: mwanangu injinia anataka beseni lako bovu. Wengine wamenichoka, najua. Jirani yangu fundi cherehani kaleta dumu la mafuta ya taa, nikamrudisha nalo mbele ya watu. Sheria ni sheria! Kumbe kimyakimya kakusanya mabeseni, lundo lake limepita langu. Mama mzazi nipitwe?

Nyuma ya choo nina madumu yangu ya zamani ya mafuta ya taa. Nimeyasugua kwa sabuni na mchanga hadi kucha zikauma. Nikanusa – hamna kitu. Nikayakata vipande, nikachanganya humo humo kwenye mabeseni. Gari lilipokuja, lundo langu ndilo kubwa. Mpakiaji kasema mama umetisha. Nilivyovimba kichwa!

Jumanne, 12 Machi
Hapokei simu.

Alhamisi, 14 Machi
Kaja, macho mekundu. Mabeseni mapya yote yaliyotokana na mzigo wetu yananuka mafuta ya taa. Bosi kasema ndiyo matunda ya kuokota takataka. Asipopata chanzo kufikia Jumatatu, mpango unakufa, na mwanangu atafute kazi kwingine.

Kaniwekea beseni mapajani. "Nusa, mama."

Nikasema nina mafua. Mafua! Mdomo huu huu uliomtangaza mlango kwa mlango.

Kilichonimaliza ni hiki: anamshuku fundi cherehani, kwa kuwa wapakiaji wamemwambia alionekana na dumu. Nikamimina chai. Chai yake ilipoa, yangu ilipoa.

Ijumaa, 15 Machi
Anataka twende wote kwa fundi, mimi nilainishe maneno kama mtu mzima. Nimesema ngoja nijifunge kitambaa. Niko chumbani, naandika. Uso unaniwaka.

Hodi. Ni fundi mwenyewe! Namsikia sebuleni. Kaleta ndoo nyingine mbovu, kila moja kaiosha na kuinusa. Mwanangu kamuuliza, kwa adabu, kuhusu lile dumu. Fundi kacheka. Anasema lipo kwake, analitumia kuzuia mlango usifunguke kwa upepo. "Mama yako alinikatalia hadharani. Mkali huyo, wewe kazi yako iko salama."

Mwanangu kazipokea ndoo. Fundi kaaga.

Sasa nasikia mlango wa uani unafunguka. Hatua za mwanangu zinaelekea chooni. Zimesimama.

"Mama," anaita, taratibu, sauti ambayo siijui. "Yale madumu yetu yako wapi?"

Kitambaa bado kiko mkononi.